NDIMU NA SAMAKI: TULIKUWA NAVYO KABLA YA PERU

Nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, testi zilibana na bumu likachelewa kama kawaida yake, sasa mtu mwenye njaa ataandika nini zaidi ya habari za chakula? Leo basi ni chakula. Ila kwa kuwa nasoma historia mtanivumilia, maana nitakipitisha Mombasa ya mwaka 1331 na Peru ya mwaka 1991 kabla hakijafika kwetu Tunduma, mji ambao wengi hapa chuoni mnaujua kwa foleni ya malori tu.

Chanzo ni ubishi. Kuna chakula cha Peru kinaitwa ceviche, kitamke "seviche". Samaki mbichi anakatwa vipande vidogo, anamwagiwa maji ya ndimu ya kutosha, kitunguu, pilipili, giligilani na chumvi. Dakika chache tu nyama inageuka nyeupe kama imechemshwa, watu wanakula. Moto hakuna. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Unguja, aliiona kwenye video akasema hicho ni chakula cha watu wa bahari, eti sisi wa bara tunaokula samaki waliokaushwa mpaka wakawa mbao hatuwezi kukielewa. Sikumjibu pale pale. Nilienda maktaba.

Tuanze na ndimu yenyewe. Jamii yote ya ndimu, malimau na machungwa asili yake ni Asia, chini ya milima ya Himalaya na kuelekea kusini mashariki. Kufika kwetu ilipitia mikono ya Waajemi na Waarabu, na jina lake linatoa ushahidi. Wao walisema limu. Ukiliingiza neno hilo kwenye ngeli yetu ya N, ile L inageuka ND, kama vile ulimi unavyokuwa ndimi. Limu ikawa ndimu. Neno ambalo limekaa kwenye lugha mpaka likabadilika sauti namna hiyo halikuja juzi.

Na maandishi yapo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alishuka pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli wenye mchuzi wa kuku, nyama na samaki, na pembeni akawekewa limau za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Yaani ukiondoa tarehe, hiyo ni sinia ya harusi ya Tanga. Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa, lakini usiku huo ulimtosha kuandika kwamba kisiwa kina migomba na milimau, na kwamba chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Samaki na limau, kisiwa kimoja, ukurasa mmoja.

Sasa upande wa pili. Bara la Amerika halikuwa na ndimu hata moja mpaka Columbus alipobeba mbegu katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Wahispania waliingia Peru mwaka 1532. Inasemwa kwamba watu wa Moche, wavuvi wa pwani ya kaskazini ya Peru, walikuwa wakilaza samaki kwenye maji ya tunda chachu la jamii ya pasheni muda mrefu kabla ya hapo, na mimi sina sababu ya kukataa. Lakini ceviche ya ndimu, hii ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwezi Desemba 2023, ilibidi isubiri meli za Wahispania. Mombasa walikuwa na ndimu miaka 162 kabla mbegu ya kwanza haijavuka Atlantiki. Mtoto wa Unguja nikamwonyesha hesabu hiyo, akafurahi sana akidhani namsaidia.

Kuna kipande kingine cha pwani nisingependa kukiruka, ingawa hakihusu samaki. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye, fizi zimevimba, meno yanalegea. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, miwa, machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Baharia aliyekuwa anaandika shajara ya safari akamshukuru Mungu na kuisifu hewa nzuri ya Mombasa! Machungwa hayakupata hata asante. Walipokuwa wanarudi kutoka India, Januari 1499, walifika Malindi katika hali mbaya zaidi, na safari hii waliomba machungwa wenyewe, lakini kwa wengi ilikuwa imechelewa, wakafia pale. Yaani walishahisi kwamba dawa iko wapi. Uingereza ilingoja mpaka 1747, James Lind alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili na kuwapa tiba tofauti, wale wa machungwa na malimau wakainuka haraka, na hata hivyo jeshi lao la majini likaagiza maji ya limau kwa mabaharia wote mwaka 1795 tu. Miaka 48 baada ya jibu kupatikana. Tukisema serikali zetu zinachelewa tuwe na kiasi.

Turudi kwenye swali. Kama pwani yetu ilikuwa na samaki na ndimu kwa pamoja, kwa nini haikuzaa ceviche?

Mtu wa pwani anamtia samaki ndimu bila kufikiri. Anampaka na chumvi kabla ya kukaanga, anakamulia kwenye supu ya pweza, anamaliza nayo samaki wa kupaka. Ukimuuliza sababu atakwambia "inakata shombo", na hapo yuko sahihi kuliko anavyojua. Shombo ya samaki wa baharini inatokana na kemikali aina ya amini ambayo inapaa hewani kirahisi ikaingia puani. Asidi ya ndimu inaikamata inakuwa chumvi isiyopaa, harufu inakatika. Kwa samaki wa ziwani kuna shida nyingine, ile ladha ya tope, inayoletwa na kitu kinachoitwa jiosmini kinachotengenezwa na vijidudu vya majini. Nacho kinavunjwa na asidi. Kwa hiyo ndimu inafanya kazi kwa changu wa Unguja na kwa magege wa Rukwa pia, kwa njia mbili tofauti.

Lakini kote huko moto unafuata. Maoni yangu, na mwalimu wangu wa semina hakuyakubali yote, ni kwamba sababu ni joto na umbali. Pwani ya Peru inaoshwa na mkondo wa Humboldt, maji ya baridi, mvuvi analeta samaki ambaye bado mgumu na anamkata pale pale. Pwani yetu samaki aliyevuliwa alfajiri saa sita mchana ameshaanza kuwa na habari nyingine. Halafu uchumi wa samaki wetu haukuwa wa kula pale pale tu, ulikuwa wa kusafirisha. Anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa, anakuwa ng'onda anayeweza kwenda safari. Ndimu yetu tukaielekeza kwenye kuhifadhi, ndiyo achari. Na ile hamu ya kitu kibichi, kichachu, cha pilipili kando ya chakula tukaimalizia kwenye kachumbari, ambayo jina lake ni la Kihindi. Ukiitazama sahani ya wali, samaki wa kukaanga, kachumbari na kipande cha ndimu, utaona ceviche nzima imo, ila samaki amepitia motoni.

Sasa Tunduma.

Watu wanadhani Tunduma imezaliwa na barabara ya malori. Ni kweli imezaliwa na barabara, lakini ya zamani zaidi. Miaka ya 1880 Waskoti wa African Lakes Company walianza kufungua njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ikaitwa Stevenson Road kwa jina la mfadhili wake, James Stevenson. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani walipogawana, mpaka ulichorwa kwa namna ambayo njia hiyo ibaki upande wa Waingereza. Ndiyo maana mpaka wetu unapita pale ulipo, na ndiyo maana Wanyamwanga wana ndugu Tunduma na ndugu Nakonde, wanavuka kwenda msibani kwa miguu.

Njia ya kuunganisha maziwa mawili maana yake ni njia ya samaki. Na kwa kweli tuna maziwa matatu, maana Rukwa nalo liko chini huko bondeni, sehemu yake ni ya Mkoa wetu wa Songwe tangu ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kutoka Nyasa anakuja mbasa, fahari ya watu wa Kyela. Kutoka Tanganyika wanakuja migebuka na dagaa, wale ambao ukivuka geti tu upande wa Zambia wanageuka jina wanaitwa kapenta. Kutoka Rukwa wanakuja magege na kambale. Nani mwingine nchi hii ana soko la namna hiyo? Lakini karibu wote walifika wamekaushwa au wamebanikwa, kwa sababu Kamsamba mpaka Mlowo peke yake ni kilomita karibu 130, na kwa miaka mingi barabara ile ilikuwa ya kuombea dua, hasa masika. Samaki waliokuwa mbao, kama alivyosema yule bwana, walikuwa mbao kwa sababu. Ubao ule ndio uliolisha watoto wa shule milimani ambako ziwa halionekani.

Bibi yangu anasema ndimu aliijua kama dawa ya kikohozi kabla hajaijua kama kiungo. Anachokumbuka yeye ni treni. TAZARA ilifika mpakani kwetu mwaka 1973 na njia nzima ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, 975 kati ya hizo ziko Tanzania na mwisho wake ni hapo Tunduma. Kwa treni hiyo, anasema, walikuja wake wa wafanyakazi wa reli waliotoka pwani na Morogoro, wakaleta nazi, wakaleta ng'onda, na wakaanza kuuliza sokoni ndimu ziko wapi. Wenyeji wakaanza kupanda. Nyumbani kwetu mlimau uliopo uani ulipandwa na babu kwa mbegu zilizotemwa na mpangaji wa reli. Hii haipo kwenye kitabu chochote na hapa chuoni nikiiandika kwenye insha naambiwa "chanzo?". Chanzo ni bibi.

Hapo ndipo ubishi wetu wa chumbani ulipogeuka kuwa kitu kizito kidogo, manake kuna rafiki zangu nyumbani walishaanza kusema likizo ijayo tutengeneze ceviche ya magege. Oktoba, joto la kabla ya mvua, chakula cha baridi, nani atakataa? Nikawaambia ngojeni niwaeleze habari za Peru ya 1991.

Mwishoni mwa Januari 1991 kipindupindu kililipuka kwenye miji ya pwani ya Peru, bara ambalo halikuwa limeona mlipuko wa namna hiyo karne nzima. Mwaka huo peke yake waliugua zaidi ya watu 300,000 na karibu 2,900 wakafa. Lawama kubwa ikaenda kwa ceviche. Wavuvi wakakosa wateja. Rais Alberto Fujimori akajitokeza hadharani akala samaki mbichi kuwatetea, huku waziri wake wa afya akisema watu waache, na waziri huyo akajiuzulu. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba mkosaji mkubwa alikuwa maji ya kunywa yasiyo salama, kwenye mabomba na madumu. Ila samaki mbichi alikuwemo kwenye orodha, hakusingiziwa tu.

Sisi ugonjwa huu tunafahamiana nao. Daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar aliuona mlipuko wa 1869 na 1870, na katika kitabu chake cha 1876 alionyesha jinsi ulivyotembea na njia za misafara, kutoka kaskazini ukapita bara ukateremka mpaka pwani. Badala ya misafara weka malori. Mwaka 2015 ulianzia Dar mwezi Agosti ukaenea mikoa mingi. Zambia ilipigwa vibaya kuanzia Oktoba 2023, watu zaidi ya 700 walikufa, na Zambia kwetu ni ng'ambo ya geti. Tangu 2019 tuna kituo kimoja cha pamoja cha mpaka na magari yanapita haraka zaidi, jambo jema, ila bakteria naye hapangi foleni.

Cha kushangaza ni kwamba ndimu iko pande zote mbili za kesi hii. Miaka ya 1990 Guinea-Bissau ilipata milipuko ya kipindupindu, na watafiti wakagundua kwamba kaya zilizokamulia ndimu kwenye mchuzi wa wali ziliugua kidogo kuliko zile ambazo hazikufanya hivyo. Maabara wakajaribu, kweli, kwenye mchuzi wa karanga usio na ndimu bakteria wanazaliana, ukitia ndimu wanashindwa. Bakteria wa kipindupindu anachukia asidi. Sasa usirukie kusema basi ceviche salama! Mchuzi ule ulikuwa umepikwa kwanza, na ndimu ilichanganyika kote. Kwenye kipande cha samaki mbichi asidi inabadilisha protini za juu, nyama inaonekana imeiva, lakini ndani bado. Na kuna vitu haviogopi ndimu kabisa, hasa viluwiluwi vya minyoo wanaoishi ndani ya nyama ya samaki, na samaki wa maji baridi ni wa kuangaliwa zaidi kwa hilo. Wamarekani wanataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 mfululizo. Friji la nyumbani Tunduma, na umeme wetu huu? Tusidanganyane.

Kwa hiyo magege wa Rukwa ambaye amepanda bodaboda, akalala Mlowo, akaamkia Tunduma, haliwi mbichi. Nimesema. Atakayebisha abishe na mimi huko chini.

Lakini ladha ile tunaipata, na mimi nimeshaipika mara mbili kwa shangazi Mbagala, mara ya kwanza kwa pweza wa Feri na ya pili kwa sato. Pweza mpigepige kwanza, mchemshe kama dakika 45 mpaka uma upite, mwache apoe ndipo umkate. Magege au sato mmoja mkubwa mchemshe kwa maji kidogo yenye chumvi na tangawizi, dakika 10 hadi 12, nyama ikiachia mfupa basi. Epua, acha ipoe kabisa, toa miiba kwa vidole bila haraka. Kamua ndimu sita, au malimau matatu yakiwa makubwa. Kitunguu maji kimoja kikate vipande vyembamba sana, kioshe kwa chumvi kipunguze ukali kama unavyofanya kachumbari. Pilipili, giligilani, nyanya moja ngumu. Maji ya kuoshea hivi vya mbichi yawe yamechemshwa, hapo ndipo Peru walipoumia. Changanya kwenye bakuli la kioo, la plastiki au la udongo, siyo sufuria ya aluminiamu, maana asidi inaila na chakula kinapata ladha ya chuma. Acha dakika 20 mahali pa baridi. Parachichi la Mbozi ukate mwishoni kabisa lisipondeke.

Wenzetu wa Peru huwa wanaweka pembeni kiazi kitamu cha kuchemsha na mahindi. Vyote viwili Mbozi vimejaa, na vyote viwili vilitoka kwao Amerika vikaja kwetu, wakati ndimu ilitoka Asia ikaja kwetu na kwao. Mimi nilikula na kiazi kitamu, shangazi akadai ugali, nao ukakubali. Kisibaki mpaka kesho yake.

Wiki ijayo, testi ya takwimu ikipita salama, nitaandika kuhusu kimondo cha Mbozi, maana kuna mtu ameniuliza kama ni kweli kilianguka juzi juzi tu.